Mafuta ya karafuu, mchaichai na mkaratusi: namna ya kuyatumia nyumbani bila kujidhuru

Ukipita Wawi, Chake Chake, siku ambayo Kiwanda cha Makonyo kiko kazini, harufu inakupokea kabla hujaliona paa. Sisi tuliokulia upande huo tumeizoea kama wengine walivyozoea harufu ya bahari. Usiku wa msimu tulikuwa tunakaa kwenye jamvi tukichambua karafuu, mbivu na makonyo, yaani vile vikonyo vyake, mbalimbali, na vidole vilibaki na harufu mpaka kesho yake skuli. Mtu aliyelelewa hivyo hawezi kuiogopa karafuu, na hapo ndipo shida inapoanzia.

Mtoto wa dada yangu alikuwa na miezi kumi, anaota meno, usiku halali. Bibi yake akachovya kidole kwenye kichupa cha mafuta ya makonyo, akampaka ufizi. Mtoto alipiga ukelele uliowaamsha majirani. Asubuhi ufizi ulikuwa mweupe kama nyama iliyomwagiwa maji ya moto, na ngozi ya chini ya mdomo, pale mate yalipoteremkia, imebabuka. Aliyempaka anampenda mtoto yule kuliko sote. Alichojua ni kwamba karafuu inatuliza jino, na hilo ni kweli. Hakuambiwa na mtu kwamba mafuta yake ni kitu kingine.

Basi mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya bibi yule, na kwa kila nyumba ya Unguja na Pemba yenye kichupa kabatini.

Kwanza, ujue nguvu ya ulichonacho

Mafuta haya wataalamu wanayaita mafuta tete, kwa sababu yanaruka hewani. Hupatikana kwa kupitisha mvuke kwenye majani, makonyo au karafuu yenyewe, kisha mvuke ukapozwa na mafuta yakatengana na maji. Ndani ya mafuta ya karafuu sehemu kubwa kabisa, baina ya asilimia 70 na 90, ni kemikali moja inayoitwa eujenoli. Hiyo ndiyo inayotia ganzi, ndiyo inayounguza, na ikinywewa kwa wingi ndiyo inayoharibu ini.

Fanya hesabu ndogo. Kijiko kimoja cha chai, yaani mililita 5, kimebeba mafuta yaliyomo ndani ya gramu 30 au zaidi za karafuu kavu. Zipime karafuu hizo dukani, uzimwage kwenye sinia, uzitazame. Ni mamia ya punje. Hakuna anayezitia zote kwenye birika moja la chai, lakini watu wapo wanaonywa kijiko hicho "kusafisha tumbo". Mtoto mdogo akimeza mililita 5 hadi 10 za mafuta ya karafuu anaweza kupoteza fahamu, kupata degedege na kuharibika ini. Mafuta ya mkaratusi ni mabaya zaidi kwa uchache wake: mililita chache tu, chini ya kijiko cha chai, zimeshawalaza watoto mahututi.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza: haya mafuta hayanywewi. Wala tone kwenye maji, wala kwenye asali, wala kwenye chai. Ukitaka karafuu ya kunywa, chemsha punje tatu nne. Ukitaka mchaichai, kata majani uani. Jani lina mafuta kidogo, na maji yanachukua kidogo katika hayo kidogo. Ndiyo maana wazee walikunywa chai ya mchaichai maisha yao yote wasidhurike.

Kununua na kukagua

Nunua chupa iliyofungwa, ya kioo cheusi au cha kahawia, yenye jina la mmea, sehemu ya mmea (karafuu, makonyo au jani), jina la mtengenezaji na tarehe. Ukikuta mafuta yamemiminwa kwenye chupa ya maji au ya soda, usinunue hata ukihakikishiwa ni safi. Plastiki ya aina nyingi inalainika kwa mafuta haya. Dondosha mafuta ya karafuu kwenye kikombe cheupe cha povu, vile tunavyonywea chai shughulini, uache kidogo kisha ubonyeze kwa ncha ya kijiko: pale yalipogusa panalainika na kunata. Plastiki iliyoyeyuka namna hiyo huwezi kuipaka mwilini.

Angalia pia kama chupa ina kile kizibo cha ndani kinachotoa tone moja moja. Kizibo hicho ni kinga kubwa kuliko maneno yote ya kwenye karatasi, maana mtoto akiipindua chupa anapata matone, hapati funda.

Kuna kipimo cha nyumbani kwa mafuta ya karafuu. Tia maji kwenye glasi, dondosha tone. Mafuta ya karafuu ni mazito kuliko maji, yanazama. Yakielea, yamechanganywa na kitu chepesi, aghalabu mafuta ya kupikia. Yakizama bado huna uhakika kwamba ni safi, ila yale yanayoelea unayajua. Kipimo hiki hakifai kwa mchaichai wala mkaratusi, kwani hayo huelea yakiwa safi.

Na kuna jina moja linalochanganya watu. Karafuu maiti, ile nyeupe ya kutilia maiti, si ndugu na karafuu kabisa. Ni kafuri. Gramu moja tu inaweza kumuua mtoto mdogo, na dalili ya kwanza mara nyingi ni degedege lenyewe, linalokuja ndani ya dakika chache. Nimewahi kumsikia mtu akiisaga kwa ajili ya mafua ya mtoto, akidhani ni karafuu ya namna nyingine. Iwekwe mbali, tena ifungwe. Vilevile zile tembe nyeupe za kabatini za kufukuza nondo, ambazo nyingi ni za naftalini: watoto wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali iliyo ya kawaida kwenye nchi za malaria kama yetu, damu yao huvunjika wakizipata, hata kwa kuvishwa tu nguo zilizohifadhiwa nazo.

Kuzimua

Hapa pana kazi, na ndipo wengi wanaporuka hatua.

Mafuta makali hayachanganyiki na maji. Ukitia matone kwenye ndoo ya kuogea yanaelea juu yakiwa makali vilevile, na mahali pa kwanza mwilini yatakapogusa ndipo yatakapounguza. Lazima yazimuliwe kwa mafuta mengine: ya nazi, ya ufuta, ya zaituni. Mafuta ya nazi yakiwa yameganda, yayeyushe kwanza kwa kuweka chupa yake kwenye maji ya vuguvugu.

Vipimo vyako ni vijiko. Kijiko cha chakula ni mililita 15, hivyo vijiko viwili ni mililita 30. Tone moja ni kiasi cha mililita 0.05, yaani matone 20 kwa mililita moja. Lakini matone hayalingani, hasa kwa mafuta mazito, kwa hiyo ukiweza nunua bomba la sindano la mililita 1 duka la dawa, bila sindano yake, upimie hilo.

Kwa kila mililita 30 za mafuta ya nazi:

Karafuu (iwe yenyewe, makonyo au jani), jani la mdalasini na mchaichai: matone 3, yaani mililita 0.15. Hiyo ni nusu asilimia. Utaona ni kidogo. Ndicho kiasi chake.

Mkaratusi kwa mtu mzima wa kuchua kifua au maungo: matone 6 mpaka 12.

Mlangilangi: matone 3. Harufu yake ni tamu na ngozi za watu wengi huikataa baada ya muda.

Gome la mdalasini: usipake mwilini kabisa. Liachie pilau.

Wazee, na mtu yeyote mwenye ngozi laini, aanze na nusu ya vipimo hivi.

Niseme la singo hapa. Singo ya asili ina karafuu ya kusagwa pamoja na liwa na mawaridi, na karafuu ikiwa unga haina ukali wa mafuta. Siku hizi somo, yaani kungwi wa biharusi, akiona harufu haitoshi anaongeza mafuta ya karafuu moja kwa moja kwenye bakuli, "ili inukie mpaka fungate". Biharusi anasuguliwa mwili mzima, ngozi imekwishachubuliwa, halafu mafuta makali yanaingia. Wiki ya harusi anatoka vipele mgongoni. Somo wangu, kama unasoma, na wewe nakuomba kwa heshima: acha chupa, ongeza unga.

Kujaribu kabla ya kupaka

Chukua mchanganyiko ulioupunguza makali, paka tone moja upande wa ndani wa mkono, chini ya kiwiko. Usipaoshe. Ngoja siku nzima, ikiwezekana siku mbili. Pakiwasha, pakawa pekundu au pakatoka malengelenge, mafuta hayo si yako. Usiseme utazoea. Ngozi ikishayakataa mafuta fulani huyakataa daima, na kila ukirudia hali inazidi. Mtu aliyeingia aleji ya eujenoli anaweza kupata tabu hata kwa daktari wa meno, maana dawa nyingine za kuzibia meno kwa muda zimechanganywa nayo.

Jua nalo lina mambo yake. Mafuta ya ndimu yaliyokamuliwa kwenye ganda, na hata maji ya ndimu yenyewe, yakiwa kwenye ngozi kisha ukaingia juani, yanaweza kuibabua ngozi na kuacha mabaka meusi kwa wiki nyingi. Ukipaka, kaa mbali na jua kwa muda wa saa 12, au paka usiku.

Jino linapouma

Kwa mtu mzima hii ndiyo kazi mafuta ya karafuu yanayoiweza hasa. Tia tone moja kwenye nusu kijiko cha chai cha mafuta ya nazi. Chovya kipande kidogo cha pamba, ukamue mpaka kisidondoke. Kiweke kwenye tundu la jino, kwa kibano au kijiti safi, kisiguse ufizi wala ulimi. Kaa nacho dakika chache, kitoe, tema mate, sukutua. Usimeze. Unaweza kurudia mara mbili tatu kwa siku, kwa siku moja au mbili.

Kisha nenda kwa daktari wa meno. Ganzi inaficha maumivu tu, jino linaendelea kuoza chini yake. Shavu likivimba, homa ikipanda, au ukashindwa kufungua mdomo vizuri, usingoje hata usiku mmoja.

Kama huna mafuta, punje moja ya karafuu iliyoshikiliwa kando ya jino inatuliza, tena kwa salama zaidi.

Mtoto anayeota meno hapakwi. Mpe kitambaa safi kilicholowa maji ya baridi atafune, au msugue ufizi kwa kidole kilichooshwa. Akisumbuka sana, dawa ya maumivu ya watoto kwa kipimo cha uzito wake, kama mtu wa afya atakavyoelekeza.

Mafua, kifua na kujifukiza

Tangu mwaka 2020 kujifukiza kumerudi kila nyumba. Ninaloliogopa zaidi kwenye kujifukiza ni sufuria, kuliko hata mafuta. Mtu kajifunika shuka, kainama juu ya maji yanayochemka, mtoto anapita anavuta ncha ya shuka. Maji ya moto yanaunguza mapaja na tumbo kwa nukta moja.

Ukitaka kujifukiza, chemsha majani ya mkaratusi au mchaichai badala ya mafuta. Ipua, weka chombo sakafuni au kwenye meza isiyoyumba, ngoja dakika tano mpaka kumi mvuke upungue. Fumba macho. Usikae zaidi ya dakika tano, na ukikohoa toka. Ukiwa huna majani, tone moja la mafuta ya mkaratusi linatosha, halipaswi kuwa kumi. Mafuta ya karafuu usiyatie kabisa kwenye mvuke, yanawasha macho na koo.

Wenye pumu wasijifukize. Watoto wasiingizwe chini ya shuka, na mafuta ya mkaratusi au yale yenye mentholi au kafuri yasipakwe puani, usoni wala kifuani kwa mtoto mchanga, kwani njia yake ya hewa inaweza kujibana ghafla. Mkaratusi uko karibu sana na moto pia. Mafuta yake yanashika upesi, basi usiyamimine karibu na jiko la mkaa au chetezo cha ubani.

Wengine wanapaka mchaichai kufukuza mbu. Unafanya kazi, ila kwa muda mfupi, saa moja au mbili, halafu unaruka. Chandarua kibaki palepale. Na homa isitibiwe kwa kuchua: nenda ukapimwe malaria kituo cha afya.

Nani aache kabisa

Mtoto mchanga asipakwe mafuta haya, hata kwa chango. Mchue tumbo kwa mafuta ya nazi matupu, mbebe wima, na akilia bila kunyamaza mpeleke. Mjamzito asinywe na asijipake bila ushauri, hasa miezi mitatu ya mwanzo. Anayenyonyesha asipake kifuani wala karibu na chuchu.

Mwenye kifafa ajiepushe na kafuri na mkaratusi. Anayemeza warfarini (dawa ya kuzuia damu isigande) au aspirini ya moyo, na anayengojea upasuaji, aache karafuu ya mafuta, kwa sababu eujenoli inapunguza kuganda kwa damu. Mwenye ugonjwa wa ini hali kadhalika.

Tazama vilevile zile dawa za kuchua misuli zenye methili salisilati. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta yake matupu ni sawa na aspirini gramu 7 hivi, zaidi ya vidonge 20 vya miligramu 300. Zinakaa sebuleni mwa kila nyumba yenye mzee anayeumwa magoti, na wajukuu wanacheza hapohapo.

Na paka. Ini la paka haliwezi kuyavunja mafuta haya, usimpake kwa ajili ya viroboto.

Kuyaweka

Juu, penye kufuli, mbali na jua na jiko. Usiweke kabati moja na dawa za kikohozi, maana usiku umeme umekatika mkono unachukua chupa yoyote. Andika kwenye chupa siku uliyoifungua. Mchaichai, ndimu na mkaratusi ukishapita mwaka mmoja au miwili tangu kufunguliwa, usipake tena mwilini: mafuta yaliyochakaa ndiyo yanayoleta vipele zaidi. Karafuu inadumu zaidi.

Ajali ikitokea

Yamemwagika kwenye ngozi na yanaunguza: yafute kwa kitambaa chenye mafuta ya kupikia, kisha osha kwa sabuni na maji mengi. Ukianza na maji peke yake unayasambaza. Usipake dawa ya meno.

Yameingia jichoni: maji safi yanayotiririka, dakika 15 mpaka 20 kwa saa mkononi, kope zimefunguliwa. Kisha hospitali.

Mtoto ameyanywa, au unashuku ameyanywa: usimtapishe. Usimtie kidole kooni, usimpe maji ya chumvi, usimpe maziwa wala dafu. Mafuta haya yakipanda tena yanaingia mapafuni, na hapo yanaleta nimonia ya kemikali. Mfute midomo, msukutue kama anaweza kutema. Akisinzia au akipata degedege mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni.

Ondoka naye papo hapo, Mnazi Mmoja, Chake Chake, Abdalla Mzee kule Mkoani, au hospitali iliyo karibu zaidi. Usingoje dalili. Za mkaratusi huweza kuja ndani ya nusu saa au zikachelewa kwa muda wa hata saa nne, na ini lililoguswa na mafuta ya karafuu huonesha siku ya pili, wakati mtoto ameshacheza na kila mtu ameshatulia. Ipo dawa ya kulikinga ini, ileile wanayopewa waliozidisha parasetamoli, na inafaa zaidi ikianza mapema. Chukua ile chupa uende nayo, hata ikiwa tupu, hata ikiwa haina jina, na umwambie daktari saa ngapi mtoto alikutwa nayo na ilikuwa imejaa kiasi gani.